Vitabu Vinavyokataa Mkumbo, na Mizani ya Kuvipimia

Assalaam alaykum. Walimu wetu, mashekhe, vijana wa skuli na vyuo, mabibi na mabwana mliofika hapa Chake Chake jioni ya leo, ahsanteni kwa kuja.

Tumekuja kuzungumzia vitabu vya namna moja. Ni vile ambavyo mwandishi wake analichukua jambo ambalo wataalamu, wafadhili, magazeti na mabaraza ya mtaani wote wamelikubali, kisha anasema silo. Vipo vya sayansi, vya mazingira, vya jamii. Baadhi yake vimeifanya dunia ione kitu ilichokuwa haikioni. Vingine vimeandikwa vipate kuuzwa, na vinauzwa kweli. Majalada yanafanana, maneno ya mgongoni yanafanana, na kila mwandishi anajiita jasiri. Kwa hiyo jalada halitatusaidia. Mnunuzi wa karafuu hatazami gunia lilivyoshonwa. Anatia mkono mpaka chini, anatoa konzi moja, anaivunja karafuu asikie kama imekauka, anatazama makonyo yaliyochanganywa. Leo nataka tutie mkono ndani ya magunia haya, na naomba tuanze na la hapa nyumbani.

Ushauri uliokuwa umekubalika duniani mwishoni mwa karne iliyopita ulikuwa huu: penye watoto wengi wenye upungufu wa damu, wapeni watoto wote wadogo madini ya chuma, bila ya kumpima damu mmoja mmoja. Ushauri ulikuwa na mantiki yake. Ukosefu wa chuma unarudisha nyuma ukuaji na akili ya mtoto, kipimo kina gharama, kidonge ni rahisi. Nani angeupinga?

Pemba ndiko ulikopimwa. Watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal, pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, waliwaandikisha watoto wa kuanzia mwezi 1 mpaka miezi 35. Kundi la kwanza, watoto 7,950, lilipangiwa chuma na foliki asidi kila siku, kipimo cha miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za foliki. Kundi la pili, watoto 8,120, lilipewa hivyo hivyo na kuongezewa zinki. La tatu, watoto 8,006, lilipewa kidonge kinachofanana kwa sura lakini hakina dawa ndani. Mama hakujua mwanawe kaangukia kundi gani, na mgawaji hakujua. Pembeni ilikaa kamati ya watu wasiokuwa katika kazi ile, yenye ruhusa ya kufungua hesabu katikati ya safari na kusema basi.

Agosti 2003 kamati ilisema basi kwa makundi mawili ya chuma. Watoto waliokuwa wakipewa chuma walionekana kuwa na hatari ya kufariki au kulazwa kwa maradhi mazito iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006.

Hapa naomba tukae kidogo. Ile asilimia 12 ina mipaka yake: hesabu ilivyo, ukweli unaweza kuwa asilimia 2 na unaweza kuwa 23. Mtafiti mwaminifu anakupa 12 pamoja na mipaka yote miwili. Mwandishi anayetaka kukutisha atachukua 23 aiache mingine, na anayetaka kukutuliza atachukua 2. Wote wawili watasema wamenukuu Lancet, na wote wawili watakuwa wamenukuu kweli.

Halafu kuna jambo la pili, na ndilo linalopotea kila habari hii inaposimuliwa. Ndani ya kazi ile kulikuwa na kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, mtoto akiugua malaria anatibiwa. Humo, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walifaidika na dawa. Tena toleo lilelile la Lancet lilikuwa na utafiti mwenzake kutoka Nepal, mahali ambapo malaria si tatizo la watoto wengi: kule chuma hakikuonekana kudhuru, wala hakikupunguza vifo. Kwa hiyo anayesema "Pemba iligundua kuwa chuma ni sumu" amekosea sawasawa na aliyekuwa akisema chuma apewe kila mtoto. Kilichopatikana kina masharti: penye malaria nyingi, bila ya kupima, mtoto asiye na upungufu anaweza kudhurika. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kufuatana na masharti hayo, likataka chuma kiambatane na kinga na tiba ya malaria.

Kazi ile haikuwa kitabu, ilikuwa makala fupi yenye majedwali. Lakini ndiyo ninayoitumia kama jiwe la mizani, kwa sababu ilikuwa na kundi la kulinganishia, ilikuwa na idadi ya kutosha, iliruhusu mtu wa nje aisimamishe, na ilieleza mahali ambapo matokeo yake hayafiki. Na msiseme ni kwa sababu ya jina la jarida. Jarida hilohilo, mwaka 1998, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Watoto wake walikuwa 12, na kundi la kulinganishia halikuwepo. Makala iliondolewa rasmi Februari 2010, baada ya kubainika kuwa taarifa zake hazikuwa za kweli. Vitabu vinavyoitumia bado vinaandikwa. Ukikutana nacho kimoja, tafuta kama kinataja 2010. Kisipotaja, mwandishi ama hakutafuta, ama alitafuta akanyamaza.

Tutie mkono katika gunia la pili. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu cha Silent Spring. Wakati huo DDT, sumu ya kuulia wadudu, ndiyo iliyokuwa mkumbo: ilimwagwa kwa ndege juu ya mashamba, misitu na hata vitongoji vya Marekani, na aliyehoji alionekana adui wa maendeleo. Carson, mtaalamu wa viumbe vya baharini, alikusanya ushahidi wa ndege na samaki waliokuwa wakifa, akaeleza namna sumu inavyojikusanya kutoka kwa mdudu kwenda kwa samaki, na kutoka kwa samaki kwenda kwa ndege. Mwaka 1972 Marekani ikaipiga marufuku kwa kilimo. Miaka ikapita, mkumbo ukageuka, wakaja waandishi wa kumpinga yeye. Wakasema kitabu chake ndicho kilichoiondoa DDT duniani, malaria ikarudi, na mamilioni ya watoto wa Afrika wakafa.

Hili ni dai zito, na sisi Wazanzibari tunaweza kulipima kwa tarehe zetu wenyewe. Kampeni ya kutokomeza malaria kwa kupulizia dawa majumbani ilianza hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Malaria ilishuka sana Unguja, na Pemba ikashuka zaidi. Mwaka 1968 kampeni ilisimamishwa. Malaria ikarudi. Sasa hisabuni: 1968 mpaka 1972 ni miaka 4. Marufuku ya Marekani haiwezi kuwa sababu ya jambo lililotangulia miaka 4. Kilichoirudisha malaria ni kuacha kazi wakati vimelea bado vimo katika damu za watu na mbu bado wapo. Miaka ya 1980 DDT ilipulizwa tena hapa hapa Zanzibar, muda mrefu baada ya hiyo marufuku inayosemwa kuwa iliifuta. Na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaodhibiti sumu za aina hii, unairuhusu DDT waziwazi kwa kuwapiga vita wadudu waenezao maradhi.

Tazameni na vipimo, maana ugomvi mwingi umo humo. Kupulizia ukuta kunahitaji gramu 1 mpaka 2 kwa mita moja ya mraba. Nyumba yenye mita za mraba 200 za kuta inakula, kwa kipimo cha juu, gramu 400, na dawa inakaa ukutani pale mbu anapotua baada ya kunywa damu. Ndege ya shamba inamwaga kwa kilo, hekta baada ya hekta, mara kadhaa kwa msimu, na mvua inaipeleka mtoni. Kitabu kinachotumia neno DDT bila ya kukwambia ni ipi kati ya hizi mbili, kinamwaga maneno kama ndege ile.

Carson naye apimwe. Sura zake za ndege zilisimama imara. Zile za saratani zilisimama juu ya ushahidi mwembamba zaidi, na msomaji anaona hata katika maandishi kwamba mifano inapungua na makisio yanaongezeka. Lakini sura yake ya wadudu kuizoea sumu, ambayo wapinzani wake hawaigusi, ndiyo iliyotufikia mlangoni. Dawa mseto za malaria zilianza hapa mwaka 2003, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji mpya vikafuata mwaka 2006, na maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Dawa ya ukutani haikuwa DDT, ilikuwa ya jamii ya pairethroidi. Haikupita miaka mingi mbu wa Pemba wakaonekana kuistahimili, ikabidi ibadilishwe. Aliyesoma sura ile ya 1962 alikwisha kuonywa.

Mkumbo si wa wageni peke yao, nasi tunayo ya kwetu. Wakulima wa vijiji vilivyo kusini mwa msitu wa Jozani, Unguja, kwa miaka mingi wamekuwa wakisema kima punju anawamalizia nazi. Jina lenyewe limebeba shutuma, maana punju ni sumu. Shutuma hiyo ilipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999 na Kirstin Siex na Thomas Struhsaker. Walihisabu kinacholiwa na walihisabu kinachovunwa mwishoni. Walikuta kwamba palipoliwa zaidi, mavuno hayakuwa machache. Yalikuwa mengi zaidi.

Inawezekanaje? Kila mwenye mnazi anajua kwamba si kila kidaka kinafika kuwa kitale, si kila kitale kinafika kuwa dafu, na safari ya mpaka koroma na nazi ni ndefu. Mnazi unatoa vidaka kuliko uwezo wake wa kuvilea, vingi vinadondoka vyenyewe. Kima anakula vile vidogo. Huenda basi anaupunguzia mnazi mzigo, kama mkulima anavyopunguza miche ili iliyobaki inenepe. Lakini mkulima anapita chini ya mnazi asubuhi, anaona vidaka vina alama za meno, anahisabu kila kimoja kama nazi iliyopotea. Vile ambavyo vingeanguka hata bila ya kima havina alama, kwa hiyo havimo katika hesabu yake. Hakusema uongo. Alihisabu kinachoonekana.

Na hapa pia pana pa kutilia shaka. Inawezekana kima wanachagua minazi yenye afya, ambayo ingezaa zaidi hata bila yao. Tena utafiti ule ni wa nazi. Hausemi kitu juu ya mazao mengine shambani wala juu ya wanyama wengine. Anayeutumia kumwambia mkulima kuwa malalamiko yake yote ni ya uongo anauvuta mpaka mahali usipofika.

Kima punju huyo huyo ametupa somo jingine. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019, baada ya kazi ya miaka miwili, ilikuta kima zaidi ya mara tatu ya makisio ya zamani. Haraka haraka mtu anasema wameongezeka mara tatu. Hapana. Walihisabiwa vizuri zaidi kuliko mwanzo. Ili useme wameongezeka unahitaji hesabu mbili zilizofanywa kwa njia moja, nyakati mbili. Kosa hili nimelikuta katika vitabu vya pande zote mbili, vya wanaosema wanyama wanakwisha na vya wanaosema wanyama wamejaa.

Nakwenda kwenye bahari, maana hapa kuna kitabu ambacho natamani kila mvuvi anayejua kusoma akipate. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika makala iliyosema kwamba kitu cha wote lazima kiharibike. Mfano wake ulikuwa malisho: kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake, hasara wanagawana wote, mwisho malisho yanakufa. Dawa akaiona mbili tu, serikali ilichukue au mtu binafsi alimiliki. Angalieni kwamba malisho yale hayakuwa na jina wala nchi. Ulikuwa mfano wa kufikirika. Hata hivyo ulifundishwa vyuoni kama vile ni jambo lililoonekana, na sera nyingi za kuwatoa wanavijiji katika misitu na pwani zao zikaegemea hapo.

Elinor Ostrom alimjibu mwaka 1990 kwa kitabu cha Governing the Commons, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Nitawapa ukurasa mmoja tu wa kitabu kile. Alanya, Uturuki, kulikuwa na wavuvi wa pwani wapatao 100, wakigombania mahali pazuri pa kutega nyavu mpaka kupigana. Wakakaa, wakajaribu kanuni kwa kiasi cha miaka kumi, wakafika hapa: kila Septemba inaandikwa orodha ya wavuvi wenye haki. Inaandikwa orodha ya sehemu zote za kuvulia kwa majina yake, zikiwa mbalimbali kiasi kwamba wavu wa mmoja hauzuii samaki wa mwenziwe. Kisha inapigwa kura. Kuanzia Septemba mpaka Januari, kila siku kila mvuvi anasogea sehemu moja upande wa mashariki. Kuanzia Januari mpaka Mei wanasogea magharibi, kwa vile samaki nao wanahama. Kila mmoja anapata zamu ya mahali pazuri, na mlinzi hahitajiki kuajiriwa, kwa sababu mwenye zamu ndiye atakayepiga kelele akimkuta mtu mahali pake.

Hiyo ndiyo tofauti ya kitabu chenye watu ndani na mfano usio na nchi. Lakini kilichonifanya nikiamini zaidi ni sura ya makosa. Ostrom ameeleza palipofeli, tena katika nchi hiyo hiyo ya Uturuki, Bodrum na Ghuba ya Izmir, na pwani ya Mawelle kule Sri Lanka. Walikuwa wavuvi vilevile na bahari vilevile, lakini wageni walikuwa wengi, mipaka haikujulikana na hakuna aliyesikilizwa. Hardin mwenyewe baadaye, mwaka 1994, aliandika kwamba alikusudia kitu cha wote kisichosimamiwa. Neno hilo moja lingekuwemo tangu mwanzo, wanavijiji wengi wangebaki na pwani zao.

Hapa Pemba, Kisiwa Panza na kwingineko, watu wanafunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa kisha wanafungua. Pweza anakua haraka na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo miezi mitatu ya kusubiri inaonekana kwenye mizani. Yanayoharibika panapofungwa ndiyo yaleyale ya Bodrum. Maji ya bamvua yanatoka usiku na walinzi wamelala. Mpaka umechorwa kwenye karatasi, na mwambani hakuna boya. Siku ya kufungua wanakuja waliokaa miezi mitatu bila ya kulinda, wanachukua sawa na waliolinda, na mara ya pili walinzi hawatokei. Aliyesoma Ostrom anajua pa kurekebisha: boya kwanza, orodha ya walinzi pili, na adhabu inayoanza kwa onyo na faini ndogo kabla ya kufika polisi.

Juu ya idadi ya watu nitapita haraka. Mwaka 1968 Paul Ehrlich, mtaalamu wa viumbe, aliandika kwamba watu wamezidi na njaa kubwa ya dunia haizuiliki tena. Julian Simon, mchumi, akampinga, na mwaka 1980 wakawekeana dau la dola 1,000 juu ya madini matano, shaba, kromiamu, nikeli, bati na tangsteni: kama watu wakizidi na madini yakiadimika, bei ipande. Mwaka 1990 bei zilikuwa zimeshuka, Ehrlich akatuma hundi ya dola 576.07. Vitabu vingi vinaishia hapo. Wachumi waliorudia hesabu kwa vipindi vingine vya miaka 10 wamekuta Ehrlich angeshinda mara nyingi zaidi kuliko Simon. Dau moja ni dau moja. Kazi ya Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki juu ya Machakos, Kenya, iliyotoka mwaka 1994, ina uzito zaidi: tangu miaka ya 1930 watu waliongezeka mara tano na zaidi, na mmomonyoko ukapungua, kwa sababu mikono ilikuwepo ya kuchimba matuta ya fanya juu, udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro. Ila Machakos iko jirani na soko la Nairobi. Asiwepo mtu wa kuichukua Machakos akaiweka juu ya Tumbatu bila ya kuuliza maji ya kisima.

Sasa vitabu vyenye tanbihi nyingi. The Skeptical Environmentalist cha Bjørn Lomborg wa Denmark, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2001, kinadai kwamba hali ya mazingira ya dunia si mbaya kama inavyosemwa. Kina tanbihi karibu 3,000, na wengi walishindwa kukijibu kwa kuogopa wingi huo. Januari 2003 kamati ya Denmark ya uaminifu wa kisayansi ikakihukumu kuwa kimekosa uaminifu huo. Desemba mwaka huohuo wizara yao ya sayansi ikaukosoa uamuzi na kuurudisha, kwa sababu kamati haikuonesha makosa yenyewe. Wapinzani wanakumbuka Januari, mashabiki wanakumbuka Desemba. Wote wawili wanakwepa kazi, ambayo ni kufungua tanbihi.

Ujanja wa mwaka wa kuanzia nao muujue. Vitabu kadhaa viliwahi kudai kwamba joto la dunia limesimama tangu 1998. Mwaka 1998 ulikuwa na El Nino kali, yaani bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na joto la dunia lilikuwa kileleni. Ukianza kupima ngazi kutoka juu ya kilele, kila kinachofuata kinaonekana kimelala. Anza 1996 au 1999 uone mstari unavyopanda. Na mwaka huo si wa vitabuni tu kwetu: joto lile ndilo lililoyapausha matumbawe ya kisiwa chetu cha Misali.

Tena ipo shaka inayonunuliwa. Naomi Oreskes na Erik Conway, mwaka 2010, walionesha kwa nyaraka namna kampuni za sigara Marekani zilivyolipia wataalamu waseme "bado haijathibitika". Waraka mmoja wa ndani wa 1969 ulisema waziwazi kwamba bidhaa yao ni shaka. Kwa hiyo tafuteni katika kitabu: nani alilipia? Jibu halitoshi kukikataa, lakini linakwambia utie mkono mpaka wapi.

Namna ya kufanya kazi hii jioni moja, kwa watu wanne na kitabu kimoja, ni hivi. Kabla ya kusoma sura yoyote, andikeni dai la kitabu kwa sentensi moja yenye kiasi, mahali na muda. Mkishindwa baada ya kusoma utangulizi na hitimisho, mna riwaya mkononi. Kisha chagueni tanbihi 5, zile ambazo zikiondolewa jengo linaanguka. Msichukue za mwanzo tu. Kila mmoja atafute chanzo chake. Makala nyingi za tiba zimo bure katika hifadhi ya PubMed Central, na iliyofungwa mwandikieni mtafiti kwa barua pepe, wengi wanatuma. Mtakuta mara nyingine tanbihi inapeleka kwenye kitabu kingine, kile kinapeleka kwenye gazeti, na gazeti halina chanzo. Andikeni hivyo hivyo.

Asilimia zote zigeuzeni ziwe watu. Hatari ikitoka 2 kati ya 1,000 ikawa 3 kati ya 1,000, mmoja ataandika imepanda kwa asilimia 50, mwingine ataandika ameongezeka mtu mmoja kati ya elfu. Zote ni kweli. Kikundi kinachoshindwa hapa huwa kinashindwa kwa haraka: mtu anasoma grafu bila ya kutazama kama mstari wa chini unaanzia sifuri. Kosa jingine ni kusoma uhakiki wa kitabu badala ya kitabu, halafu watu wakagombana kwa niaba ya wahakiki.

Kwenye meza karibu na mlango kuna nakala za makala ya Sazawal ya mwaka 2006 na ile ya Nepal. Chukueni moja kwa watu wawili. Kwa kikao kijacho kila jozi iende moja kwa moja kwenye jedwali la matokeo, iandike waliolazwa na waliofariki katika kila kundi, igawe kwa 7,950, kwa 8,120 na kwa 8,006, na ilete hesabu yake kwa idadi ya watoto kati ya kila 1,000. Kikokotoo cha simu kinatosha. Tutaanza kwa kulinganisha karatasi.